Mtoto wa Mpishi Amekataa Kula

Manase alipobisha hodi na kuuliza, kwa adabu zote, kama nyumba ile ilikuwa na chakula, Semeni alikuwa na masufuria matatu jikoni: moja la wali wa nazi, moja la mchuzi wa samaki changu, na la tatu la maharage aliyoyapika kwa sababu tu moto ulikuwa haujazimika. Alimtazama kijana yule kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akamwomba arudie swali, huenda masikio yake yaliingia moshi.

Manase akarudia. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mpole, amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, naye alikwisha zoea kuuliza maswali ya namna ile na kutoka salama. Alieleza kuwa anafanya kazi na bibi daktari wa Kizungu aliyeletwa na serikali kuchunguza ulaji wa vijana wa pwani: wanakula nini, kiasi gani, na kwa nini wengine hawaongezeki uzito. Walikuwa wameanzia Mkwaja, wakapita Pongwe, na sasa walikuwa mjini Tanga wakiwapima uzito wanafunzi wa shule ya wasichana. Mwepesi kuliko wote katika darasa la mwisho alikuwa Asmahani binti Uweso. Mwalimu ndiye aliyemwelekeza nyumba.

“Hukuelekezwa vibaya,” Semeni akasema. “Ila hukuambiwa umeelekezwa kwa nani.”

Na kweli hakuambiwa. Mtaa mzima wa Ngamiani ulimjua Semeni mpishi wa shughuli. Mtu aliyeoa miaka ile bila pilau ya Semeni, watu waliuliza kama ameoa kwa siri. Wapo waliokuja hitimani wakiwa hawamjui marehemu, ilimradi wamesikia nani yuko jikoni. Mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu kwa maneno. Alikuwa na njia nyingine. Tangu Asmahani akiwa mdogo, mnene wa mashavu, mikono yake ina vifundo kama mkate, Semeni alikuwa akimkalisha mbele ya wanawake kila penye karamu, na mtu akisifu chakula humwambia, “Msiniulize mimi, mtazameni huyu.” Basi wanawake walimtazama, na kwa kuwa macho hayashibi, walimbana shavu, wakamfinya mkono, wakampiga kofi la mgongoni. Semeni alicheka kwa raha. Wapishi wengine walikuwa na sahani za kuonyesha. Yeye alikuwa na mtoto.

Lakini kwa karibu mwaka mzima sasa alikuwa hamkalishi mbele. Hakuna aliyemwuliza kwa nini, naye hakujiuliza. Alijiambia mtoto anarefuka, na mtu akirefuka hupungua upana, kama unga unaosukumwa. Siku ile, baada ya kumwambia Manase amlete huyo daktari wake Ijumaa aje ashuhudie kwa tumbo lake mwenyewe, alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kuanza kukumbuka mambo. Kwanza, hakumbuki lini alimwona mwanawe akimeza. Pili, paka wa jirani alikuwa amenenepa mpaka ameacha kuruka ukuta. Siku hizi alipita mlangoni kama mpangaji.

*

Uweso aliporudi kutoka kwenye baraza la duka aliposhonea nguo, mkewe alimsimulia matusi ya serikali. Alitarajia mumewe akasirike naye. Uweso, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alivua kofia akaiweka gotini, akasema kwamba gauni la shule la Asmahani amelikaza kiunoni, kisha akalikaza tena, kisha tena.

Semeni alimwuliza mbona hakusema.

“Ningeanzaje?” alisema Uweso. “Nije kwa Semeni mpishi, nimwambie mwanao hali chakula? Ungeona nimekutukana.”

“Ningeona umenitukana, lakini ningejua.”

Bi Kijakazi, mama yake Uweso, aliyekuwa akitafuna tambuu kwenye kitanda cha kamba, alisema yeye alijua zamani. Mtoto ana kitu. Kitu hicho hakipendi nazi, na ndiyo maana kinamkimbiza chakulani; na yeye anamfahamu mtu kule Mwambani anayejua kuzungumza nacho. Mtu wa Mwambani akaja, akafukiza ubani, akaandika kombe la aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, akalisuuza kwa maji. Asmahani alilinywa lote. Bi Kijakazi akafurahi sana, akasema angalau hilo limepita. Semeni, pamoja na wasiwasi wake, aliona ajabu kidogo kwamba kitu pekee alichokinywa mwanawe juma lile kilikuwa ni maji yaliyooshewa wino, tena yamepikwa na mtu mwingine.

Majirani nao walikuwa na maoni yao. Waliotaka heri walisema ni tumbo. Wasiotaka heri walisema pia ni tumbo, lakini kwa sauti nyingine. Semeni alipolisikia hilo kisimani aliweka ndoo chini, akawaambia wote waliokuwapo kwamba mwenye kuhesabu miezi na aanze sasa, wataonana. Akarudi nyumbani bila maji.

*

Ijumaa Bibi Daktari alikuja, mwanamke mwembamba mwenye pua iliyoungua jua, akajikuta amekalishwa juu ya mkeka mbele ya biriani, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, na bakuli la tambi ambalo Semeni alidai ni la kusafishia mdomo tu. Alikula. Kila alipopumzika Semeni alimwongezea, na kila alipoongezewa alimtazama Manase, na Manase alikuwa hana msaada kwa kuwa naye mdomo umejaa. Mwishowe daktari akainua mikono miwili kama mtu anayejisalimisha. Kupitia kwa Manase akasema ameridhika: katika nyumba hii chakula kipo, na ni chakula kizuri kuliko alichowahi kula tangu ashuke melini.

Semeni aliona kesi imekwisha. Daktari ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Aliomba kuzungumza na binti.

Asmahani aliitwa. Alikuja amejitanda kanga mbili, na bado mifupa ya mabega ilisukuma nguo kama kiango cha kutundikia. Alikuwa na miaka kumi na sita na nywele zilizoanza kunyofoka kwa kitana. Alisema shikamoo, akakaa mbali na sinia. Daktari alimpima mapigo ya moyo, akamtazama kucha na meno, akamwuliza maswali yake yote aliyokuwa akiwauliza vijana wa kila kijiji. Nyumbani mna chakula? Kipo. Mnakula mara ngapi? Mama anapika mara tatu. Unapewa sawa na wengine? Napewa zaidi. Maswali yakaisha, na msichana alikuwa bado ni yuleyule, kajibu yote vizuri na anakwisha mbele yao.

Daktari akasema maneno marefu kwa Manase.

“Anasema,” Manase alitafsiri taratibu, “kazi aliyotumwa ni kuwatafuta wasio na chakula. Hakutumwa kumtafuta aliye nacho akakikataa. Anasema kwao wasichana wa namna hii wapo, na ugonjwa wao una jina, lakini vitabu alivyosoma vimeandika kwamba huku haupo.”

“Mwambie huku nako kuna watu,” alisema Semeni.

Bibi Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akaomba aelezwe tena maneno yale.

Kabla ya kuondoka aliacha maagizo, na Semeni hakuyapenda hata moja. Mtoto asilazimishwe. Asisemwe. Apewe kidogo, mara kwa mara. Asitazamwe anapokula, wala mwili wake usizungumzwe, si kwa kusifiwa, si kwa kulaumiwa. Akizidi kupungua alazwe upesi, maana moyo wake umeanza kuchoka. Semeni aliitikia kila agizo kwa adabu, na walipotoka tu akasema ameona watu wengi wakitibiwa lakini hajamwona aliyetibiwa kwa kuachwa.

Jioni ileile alimketisha Asmahani mbele ya sahani ya biriani, akakaa kumkabili, akasema hainuki mtu. Wakakaa mpaka mafuta yakaganda juu ya wali. Asmahani alitia tonge mdomoni, akalitafuna, akalitafuna, machozi yakimtoka bila sauti, na hakuweza kulimeza. Semeni ndiye aliyeinuka kwanza.

*

Haukupita muda, Bi Tabia akaja. Alikuwa Mpemba mwenye duka la karafuu na viungo, mjane tajiri wa maneno, na mwanawe wa kiume alikuwa anaoa. Shughuli yenyewe ilikuwa kubwa, ya ng'ombe wawili, na Semeni alikwisha kubaliana naye tangu mwezi wa mfungo sita. Alikuja ati kuzungumza habari ya kuni. Alizungumza habari ya kuni kwa dakika chache, macho yake yakizunguka ua, mpaka Asmahani alipopita kuelekea bafuni na ndoo ndogo ya maji.

“Njoo nikuone, mwanangu,” Bi Tabia akasema.

Asmahani akaja, akaamkia. Bi Tabia akamshika mkono juu ya kiwiko, akaufinya, akaukuta mkono umeisha kabla vidole havijashika kitu. Akauachia kama mtu aliyegusa chuma cha moto. Akasema maskini, akasema subhanallah, akamwuliza Semeni kama mtoto hupewa chakula au hupewa harufu.

Alisema kwa mzaha. Semeni alicheka kwa mzaha. Kisha Bi Tabia akaeleza, huku akijifunga buibui, kwamba wakwe zake watatoka Wete na watu wa Wete wana macho. Wakisikia mpishi ndiye huyu, na mwanawe ndiye yule, watakula kwa shaka. Si yeye anayesema, ni watu. Ameonelea safari hii awape kazi wapishi wa Chumbageni. Semeni asiweke moyoni.

Semeni alimsindikiza mpaka mlangoni kama desturi inavyotaka. Aliporudi uani alikuta ndoo imepinduka, maji yanakimbilia chini ya kinu, na Asmahani amelala ubavu kwenye sakafu, macho yamefumba nusu. Alipiga ukelele mmoja tu. Bi Kijakazi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hawezi kuinuka bila kushikwa, aliinuka.

*

Katika hospitali ya serikali Asmahani alitiwa maji ya mshipani, halafu akapewa maziwa kwa kijiko. Semeni alikatazwa kumletea chakula. Akaleta. Muuguzi alipomzuia kumpa mgonjwa, alikigawa kwa wodi nzima ili kisirudi nyumbani. Na wanawake wa wodi ile, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiomba waruhusiwe, wakaanza kulalamika maumivu mapya kila daktari alipopita.

Alasiri moja wodi ilikuwa imetulia, wengi wamelala. Asmahani alikuwa ameegemea mto, ana bilauri ya maziwa mkononi imefika nusu. Semeni alikaa pembeni mwa kitanda akijitahidi kutoitazama bilauri, na kwa kujitahidi huko alikuwa anaitazama zaidi. Alisema, bila kugeuka, kwamba kama amemkosea kwa chakula, kama kuna kilichomchafua tumbo, amwambie, atakiacha kukipika maisha yake yote.

“Chakula chako hakina kosa, mama.”

“Basi nini?”

 Asmahani alianza kusimulia kidogokidogo, kama anayeokota vitu vilivyomwagika. Katika harusi moja ya mwaka uliopita aliitwa mbele kama kawaida. Wanawake walimshika mashavu, wakamshika mikono, wakashuka mpaka kiunoni. Mmoja akasema ameiva. Mwingine akasema bado kidogo, akae mpaka Shaabani. Wakacheka. Aliona haya mpaka akatamani ukuta umfunike.

“Walinibonyeza kama wanavyobonyeza maembe sokoni,” alisema. “Na wewe ulikuwa unacheka nao.”

“Nilikuwa najivunia.”

“Ulikuwa unajivunia pilau.”

Semeni alinyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo. 

Asmahani aliendelea. Alisema aliona akipungua hapatakuwa na cha kushika. Mwanzo alijizuia kwa nguvu, na njaa ilimuuma, lakini aliipenda kwa sababu ilikuwa yake. Ndani ya nyumba ile kila kitu kingine kilipikwa na mtu, kikapangwa na mtu, kikaonjwa na mtu. Watu wakaacha kumfinya. Kisha siku moja alitaka kula, alitaka kweli, ilikuwa Idi, na koo likakataa. Tangu hapo haamui yeye. “Sasa naogopa,” alisema. “Naiogopa sahani, na naogopa nisipokula.”

Semeni alikuwa mtu wa majibu, hata pasipo swali.  Safari hii alichukua ncha ya kanga yake akampangusa mwanawe maziwa yaliyomgandia juu ya mdomo, kisha akakumbuka kwamba na huku nako ni kumshika, akauondoa mkono. Asmahani akaukamata, akaurudisha.

*

Asmahani aliporudi nyumbani, maagizo ya daktari yalifuatwa kwa ukali ambao daktari mwenyewe asingeutaka. Asitazamwe anapokula, basi hakutazamwa. Semeni alikula ameelekea ukuta. Uweso alikula ameelekea mlango. Bi Kijakazi aligeuzwa pamoja na kitanda chake, akaelekea mtungi, akanung'unika kwamba amekuwa akila na watu tangu Mjerumani na leo anakula na maji. Mgeni aliyeingia angedhani wamegombana wote kwa pamoja. Siku ya tatu au ya nne Asmahani, nyuma yao, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kutu. Semeni hakugeuka, ingawa shingo ilimuuma mpaka usiku.

Haikwenda kama ngazi. Juma moja alikula, juma lililofuata akarudi kwenye maziwa matupu, na Semeni akaingia jikoni kulia akisingizia kitunguu. Kazi za harusi zilipungua. Wapishi wa Chumbageni walipika ya Bi Tabia, na watu wenye midomo wakaja kumhadithia Semeni kwamba wali ulikuwa na kokoto. Alifurahi siku nzima, hakulificha hilo. Lakini alipoitwa kwenda kupika tena, hitima ya Raskazone katika nyumba ya karani mkubwa, Asmahani hakuwekwa mbele ya mtu, wala hakuitwa.

Manase alikuwa akipita mara kwa mara kuuliza hali, na mara nyingi alipita saa ya chakula. Alimweleza Semeni kwamba Bibi Daktari amebadilisha uchunguzi wake. Siku hizi hawaulizi vijana tu kama kuna chakula. Huwaita mmojammoja, mbali na wazee wao, na kuwauliza kama wanaweza kukila, na kama hawawezi, tangu lini. Pongwe walimpata msichana mmoja, na hapo mjini mvulana wa shule aliyekuwa akifukia chakula chake kwenye mchanga wa ua. Wazee wao wote walikuwa wamekwenda kwa waganga wakisema ni kitu. Semeni alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aelekezwe kwa mama wa yule msichana wa Pongwe, si kwa kumpelekea chakula, alisema, bali kukaa naye tu. Na safari hiyo kweli alikwenda mikono mitupu.

Wakati wa kiangazi Asmahani aliomba aachiwe jiko. Aliomba kwa sauti ya kawaida, kama aombaye sindano, na Semeni akatoka akakaa barazani, akajishikia goti. Alisikia kila kosa. Alisikia maji yakichemka kabla ya wakati, unga ukimiminwa wote kwa mara moja, mwiko ukikwama. Mtu anayeweza kujua kwa masikio kwamba ugali unatoa mabuje ya unga usioiva asikalishwe karibu na jiko la mwingine, lakini alikaa. Ulikuja ugali wa muhogo wenye mabuje, na dagaa wenye chumvi ya kutosha kulisha kambi ya mkonge.

Asmahani alikula. Alikula kwa woga, matonge madogo, lakini alikaa sinia moja nao, nao wamemkabili, maana mwenyewe alisema wageuke. Bi Kijakazi alitaka kusema jambo kuhusu chumvi, Uweso akampa maji.

“Umekosea wapi, unajua?” Semeni alimwuliza mwanawe baadaye, walipokuwa wakiosha vyombo.

“Najua. Kesho nitakosea mahali pengine.”

“Haya.”

Mwisho wa mwaka Bibi Daktari alihitimisha kazi yake, akawaita wale aliowafuatilia waje wapimwe kwa mara ya mwisho katika nyumba aliyopewa Raskazone. Asmahani aliingia peke yake. Alikwisha sema kwamba uzito wake atabaki nao mwenyewe, hatamwambia mtu, na Semeni alikubali, kisha akakaa ukumbini akisokota ncha ya kanga mpaka ikawa kamba. Mtoto alipotoka, Semeni alimtazama usoni tu. Hakuuliza. Ilimgharimu zaidi ya shughuli yoyote aliyopata kuikosa.

Walirudi kwa miguu. Karibu na stesheni ya reli walikutana na mama mmoja aliyepikiwa harusi na Semeni miaka ya nyuma, mcheshi, mikono yake imejaa bangili. Alifurahi kuwaona. Alisema huyu si ndiye yule mtoto aliyekuwa mgonjwa, na papo hapo mkono wenye bangili ukaondoka kuelekea shavu la Asmahani.

Semeni aliudaka mkono ule njiani. Aliushika kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa salamu ndefu, akauliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mume na za bati jipya alilosikia limeezekwa, na hakuuachia.

“Hajambo siku hizi?” mama yule akauliza, akimwashiria Asmahani kwa kidevu, kwa kuwa mkono hakuwa nao.

“Huyo hapo,” alisema Semeni. “Mwulize mwenyewe.”